Tushuke Kwanza

Jumapili, 19 Oktoba 2025

Usingizi: masaa manne.

Daktari wa kazini ameniambia niandike kila asubuhi nimelala masaa mangapi, na chini yake niandike kinachonisumbua. Nikamwambia, dokta, daftari moja halitatosha. Hakucheka. Bon, naanza.

Jina langu Polycarpe, mzaliwa wa Bukavu, Kongo, miaka arobaini na sita, ninakaa Ganshoren, huku kwa Wabelgiji, na mke wangu Émérance. Naandika jina kwa sababu labda daktari ataomba daftari, ingawa Kiswahili hakijui hata salamu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikifungia magari mapya milango yake katika kiwanda cha mtaa wa Forest, mpaka kilipofungwa mwezi wa pili mwaka huu. Sasa nasukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali kubwa ya Jette. Zamani kazi ilikuwa inanijia yenyewe kwenye mkanda unaosogeza magari, nimesimama. Sasa mimi ndiye ninayetembea, na usiku miguu inaendelea kutembea kitandani.

Leo baada ya misa Florent amenisumbua tena. Florent ni mtu wa Likasi, Katanga, nilisimama naye bega kwa bega kwenye mkanda miaka kumi na mmoja, yeye milango ya kushoto, mimi ya kulia. Kiwanda kilipofungwa alianza kusomea udereva wa tramu. Mwezi wa tisa alifanya mtihani akaanguka. Wa pili ni tarehe tisa Desemba, na wa tatu haupo. Ili kutuliza kichwa amejitafutia ugonjwa mpya: kila Jumamosi anapanda treni kwenda upande wa Dinant, kukwea miamba.

“Poly, kuya tupande. Ni facile, ni rahisi, hata ba-mémé ba mvi banapanda.”

“Kupanda kutafuta nini?”

“Hakuna. Kupanda tu.”

Mimi nimekulia Kadutu, mtaa wa mlimani Bukavu, nyumba yetu ilikuwa juu kabisa, na maji tuliyapandisha kwa vidumu. Sasa nimwambie nani nyumbani kwamba huku kuna watu wanapanda bure, halafu wanashuka mikono mitupu na wamefurahi? Nimekataa.

Jumapili, 26 Oktoba

Usingizi: masaa saba, lakini moja ni la serikali, saa zimerudishwa nyuma.

Jumamosi, 8 Novemba

Masaa matano. Mvua tangu Jumatano.

Florent amepanda peke yake na kunitumia picha: amesimama juu ya jiwe, mto uko chini, mvua inamnyeshea, meno yote nje. Ameandika kwamba amemtumia Mauwa pia, na Mauwa amesema mdogo wake amerogwa.

Mauwa ni dada yake mkubwa, yuko Likasi. Mama yao alipofariki Florent alikuwa na miaka minne, na Mauwa ndiye aliyemlea, akiwa mwenyewe bado binti. Kila Jumapili alasiri wanaongea. Mauwa kuandika hapendi hata kidogo. Katikati ya wiki anatuma sauti, ndefu kama mahubiri, na Florent anazisikiliza ndani ya tramu bila aibu, kwa hiyo behewa zima linajua bei ya unga Likasi. Sijawahi kumwona mama huyo, lakini sauti yake naijua kuliko ya jirani yangu wa ghorofa ya chini.

Jumapili, 16 Novemba

Masaa matano.

Leo baada ya misa Maman Rolande alinivuta nyuma ya ukumbi, pale viti vinapopangwa. Maman Rolande ni mkubwa wa akina mama wa Katanga hapa parokiani, na habari humfikia kabla ya mwenyewe. Pale nyuma nikamkuta Tonton Kabamba, mjomba wa Florent, ametoka Charleroi Jumapili isiyo na sikukuu yoyote. Kofia alikuwa ameishika mkononi.

Kofia ikivuliwa hivyo ni msiba. Nina baba yangu Bukavu, mzee wa miaka themanini na mmoja, na tangu vita viingie mjini habari za kule zinatufikia vipande vipande. Nikashika kiti.

“Papa Polycarpe,” Tonton akasema, “habari haiko ya kwako.”

Nikafurahi. Naandika kama ilivyokuwa. Nilifurahi kwa sekunde mbili hivi, halafu nikaona aibu, na aibu bado ninayo.

Ni Mauwa. Ijumaa asubuhi alijisikia vibaya, wakampeleka hospitalini, tension, yaani presha, ilikuwa juu sana, jioni ikawa basi. Mazishi ni Jumanne.

Nikauliza Florent anaambiwa saa ngapi, maana nilimwacha mlangoni mwa kanisa akitaniana na watu wa kwaya. Tonton akavaa kofia, akaivua tena.

“Mutoto iko na examen tarehe neuf. Alianguka mara moja. Akisikia leo, ataanguka tena, na kule hakuna mara ya tatu. Mauwa mwenyewe alikuwa anaombea hii kazi kila siku. Donc, tutamwambia kisha examen. Tarehe dix nakuya, tunamwikalisha, tunamwambia.”

“Na mazishi, Tonton?”

“Iko na passeport ya Babelge, visa ya kuingia Kongo mu siku mbili ataitoa wapi? Hata akijua hawezi kufika. Weye njo rafiki yake. Usimwache peke yake. Akitaka kwenda fasi, unaenda naye. Na kinywa unafunga.”

Desturi naijua, si mgeni. Kwetu kifo hakisemwi kwenye simu, na hakiambiwi mtu aliye peke yake. Mtu mzima wa ukoo anatafutwa, anakuja, unaketishwa, unapewa kwanza kitu cha kula, na watu wanajaa chumbani mmoja mmoja, mpaka unapotazama viatu mlangoni na kuvihesabu unakuwa umeshajua. Neno lenyewe hakuna anayelitamka. Nimewafichia watu kwa siku moja, kwa siku mbili, mpaka mkubwa afike. Wiki tatu na ushei sijawahi kuona.

Na enzi hizi za simu, kuficha ni kazi ya kiwanda kizima. Kikundi cha WhatsApp cha ukoo kimenyamazishwa, kimefunguliwa kingine ambacho Florent hayumo. Watu wa Likasi wamekatazwa kuweka picha ya Mauwa yenye mshumaa. Émérance amepewa Facebook: kazi yake ni kuchungulia kila saa, akiona picha ampigie Maman Rolande.

Nilimwuliza Maman Rolande kama hii ni haki kweli.

“Papa Poly, njo vile tunafanyaka.”

Nikakubali. Kwa nini nilikubali, sijui. Nilipotoka nje Florent aliniuliza mbona nina uso wa mtu aliyekula ndimu.

Jumatatu, 17 Novemba

Masaa mawili.

Jumatano, 19 Novemba

Masaa matatu.

Baada ya kazi nimekwenda kwake Forest, kama nilivyoagizwa. Nimemkuta na vitabu vyake vya alama za njia. Nikajifanya nimekuja kumwuliza maswali ya mtihani. Tulifanya thelathini, akakosa mawili.

Halafu akaweka simu mezani. “Angalia. Dada yangu ananiandikia.”

Ulikuwa ujumbe kutoka namba ya Mauwa, wa leo asubuhi. “Niko Kasenga kwa mama mukwe. Réseau ya simu mubaya. Soma muzuri.” Jana ndipo walipomzika Mauwa. Ni mmoja wa binti zake huyo, au mpwa fulani, ameambiwa andika, akaandika. Nilisoma mara tatu nikitafuta mahali pa kuweka macho.

“Dada haandikaka,” akasema Florent.

“Labda maandishi yanapita pale sauti haipiti.”

Neno lilinitoka laini kabisa, bila kukwaruza koo, mpaka nikajiogopa. Mimi huyu, ambaye nikimdanganya Émérance kuhusu takataka naanza kukohoa.

“Ah bon,” akasema. Lakini hakuwa akitazama simu. Alikuwa akinitazama mimi, kwa huruma hivi. Nimerudi nyumbani nikiwa na macho yake mgongoni na sielewi kwa nini mtu wa kuhurumiwa niwe mimi.

Jumamosi, 22 Novemba

Masaa manne. Theluji kidogo, imeyeyuka kabla ya mchana. Florent hakupanda, alikuja kukaa kwetu. Hakusema sababu.

Jumapili, 23 Novemba

Masaa manne.

Tulipoingia kanisani, mimi na Florent, akina mama walinyamaza mstari mzima. Hawajui kuficha hao. Baada ya misa Maman Rolande akanipa sufuria ya sombe, majani ya muhogo, mbele ya watu wote, akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kusema, “Jipe nguvu, papa.” Alikuwa na maana kwamba nimebeba mzigo wa siri. Florent alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Alitazama sufuria, akanitazama, akainamisha kichwa.

Sikumwelewa, na Maman Rolande nilitamani nimrudishie sombe yake.

Alhamisi, 27 Novemba

Masaa matatu. Nimesukuma vitanda kumi na tisa leo, na kimoja nilikipeleka kwa makosa radiolojia ya watoto, kimelaliwa na bibi wa miaka tisini.

Florent amekuja na maharage aliyoyapika mwenyewe. Baada ya kula aliosha vyombo. Miaka kumi na mmoja namjua, hajawahi kuosha hata kikombe chake. Nikiwa nakausha sahani akaniuliza, bila kugeuka:

“Papa wa Bukavu, mumeongea?”

“Jumapili.”

“Ulisikia sauti yake mwenyewe?”

“Dada yangu ndiye alishika simu. Mzee alikuwa amelala.”

“Ah,” akasema, akasugua sufuria safi kwa muda mrefu.

Kila asubuhi sasa ananipigia saa kumi na mbili na nusu, umeamkaje, umekula. Mimi ndiye niliyeagizwa kumlinda, lakini naona kama ninalindwa. Émérance anasema huenda ameshajua na anatupima. Kama anajua, mbona anacheka na kusoma alama zake? Kama hajui, mbona anaosha vyombo vyangu? Usiku nimeyageuza hayo mawili mpaka yakafanana.

Jumatatu, 1 Desemba

Masaa mawili. Wazo baya lilinijia bafuni: labda waliniambia kifo cha Mauwa ili wanifiche kingine. Nimempigia baba kabla ya kwenda kazini, nimekataa kuongea na mtu mwingine yeyote mpaka apewe simu. Ameongea mwenyewe. Anataka viatu, namba arobaini na moja, na visiwe vyeusi.

Jumatano, 3 Desemba

Masaa manne.

Florent: “Jumamosi tunaenda ku miamba. Weye na miye.”

Nikasema mtihani ni Jumanne, asome. Akasema haendi kwa ajili ya mtihani. Akasema, “Poly, sikuombaka kitu,” na kweli, hajawahi kuniomba kitu.

Nimempigia Tonton Kabamba nikitumaini atakataza. Akafikiri. Akasema akienda peke yake akateleza tutamwambia nini Mungu, nenda naye. Kwa hiyo mtu wa Kadutu anakwenda kupanda mlima wa Wabelgiji bila kidumu.

Jumamosi, 6 Desemba

Nilipata masaa manne. Haya yote yanayofuata nayaandika Jumapili asubuhi, kwa kuwa jana mkono haukutaka.

Tulipanda treni kituo cha Midi saa mbili asubuhi. Florent alikuja na mayai ya kuchemsha, mikate, termosi ya chai, na jozi mbili za glavu za kiwandani, zile zetu za kijivu zenye viganja vya mpira. Sikujua kwamba aliziweka. Mimi nilivaa viatu vya kiwandani, vyenye chuma kwenye vidole, kwa sababu ndivyo viatu vizito pekee nilivyo navyo. Tulionekana kama watu wawili walioambiwa kiwanda kimefunguliwa tena.

Kabla hatujafika Namur alishanimenyea mayai mawili. Nikasema sina njaa. Akasema, “Kula, Poly. Kula kwanza.” Nikala. Nilikuwa naangalia nje dirishani na neno lile likanipita.

Toka kituoni tulifuata mto, tukapita nyuma ya nyumba za mwisho, tukaingia msituni. Majani ya mialoni yalikuwa yameoza chini, na upande ambao jua halifiki kulikuwa na barafu nyembamba juu ya moss, zile nywele za kijani za mawe. Kisha njia ikaisha na mwamba ukaanza. Si mlima. Ni mgongo wa jiwe unaopanda kutoka msituni, mwembamba, wenye vidato, na mtu anaukwea kwa mikono na miguu kama mtoto anayepanda ngazi za wakubwa. Mama mmoja wa Kiflamandi mwenye mvi alitupita akatutakia siku njema, hata hapumui kwa nguvu.

“Miguu mbili na mukono moja,” Florent akanifundisha, “ao mikono mbili na muguu moja. Usiachie vyote.”

Mara ya kwanza kiatu changu kilikwaruza na nikabaki nimekumbatia jiwe kama shemeji aliyerudi kutoka safari. Florent akacheka, nami nikacheka. Niseme ukweli, baada ya robo saa nilianza kupenda. Jiwe ni baridi, lina mahali pa kushika, ukishika linakubeba. Kwa wiki tatu nilikuwa sijashika kitu kilicho kweli. Niliona haya kufurahi, nikaendelea kufurahi, na ndani yake nilikuwa nasema, Mauwa nisamehe, mdogo wako anacheka.

Karibu na juu mgongo unabana. Kuna jiwe kama benchi, la kukalia watu wawili. Nyuma yako mwamba, mbele yako miguu inaning’inia, na chini kabisa mto Meuse na barabara na mashua moja ya makaa ya mawe au ya mchanga, sikuweza kujua.

“Ikala,” akasema.

Nikaketi. Akanimiminia chai, akangoja ninywe nusu. Kisha akavua kofia yake ya sufu, akaishika mkononi.

“Poly. Bakubwa batanikasirikia. Lakini miye nimekataa. Siku ishirini naangalia vile bantu banakuficha. Maman Rolande anakupikia sombe, bamama banatulia ukiingia, bibi yako Émérance anaficha simu, nilimuona. Hata dada yangu bamemwambia, njo maana ananiandikia, juu anajua sauti yake haiwezi kudanganya. Na weye hauelewi, unakuya kwangu kila siku kama mutoto mwenye amepotea soko. Banangoja mukubwa atoke Bukavu. Nani atatoka Bukavu sasa? Nikasema, nitamwambia miye mwenyewe, fasi hakuna muntu wa kumuangalia akilia.” Akanishika mkono wa koti. “Ni papa yako, ndugu.”

Maharage, vyombo, simu za asubuhi, mayai: yote yalikuwa hayo. Nilikuwa nimemlinda wiki tatu, naye alikuwa ananilinda mimi, na mfiwa alikuwa yeye.

Ningeweza kulia tu, akaamini, tukashuka. Naandika hilo kwa sababu lilinipitia. Lakini nisingeweza kumzika baba yangu yu hai, tena anasubiri viatu.

“Papa yangu iko muzima,” nikasema. “Niliongea naye lundi. Sauti yake mwenyewe.”

Uso wake ukafunguka. Akafurahi, akafurahi kwa ajili yangu kabisa, akanipiga begani. Furaha ile niliitambua, na muda wake niliujua. Nikaona ikianza kuisha. Macho yake yalirudi nyuma, yakapita kwenye sufuria, kwenye akina mama, kwenye simu ya Émérance, yakatafuta mahali pengine pa kusimama.

“Alors…” akasema. “Basi ni nani?”

Chini ya viatu vyangu kulikuwa na hewa tu. Florent alikuwa amekaa ukingoni zaidi yangu, mkono mmoja una kofia na mwingine umenishika mimi, hajashika jiwe.

“Florent,” nikasema. “Tushuke kwanza.”

Kwetu hakuna anayesema hivyo bure. Keti kwanza, kula kwanza, twende nyumbani kwanza: kila aliyekulia Kongo anajua kinachokuja baada ya kwanza hiyo. Florent naye anajua. Alivaa kofia. Alichukua kifuniko cha termosi akajaribu kukifunga, kikakataa mara tatu, nikakichukua nikakifunga mimi.

Njia aliijua yeye, lakini mimi ndiye niliyetangulia kushuka, nikiitazama miamba kwa chini na kuweka miguu yake kwa mkono wangu. “Muguu wa kushoto. Hapo. Ngoja. Sasa mukono.” Alinitii kila neno. Mtu huyu aliyekuwa anapanda kama mbuzi alishuka kama mgonjwa anayetolewa kitandani mara ya kwanza, na kazi hiyo naijua, nikaifanya polepole. Sijui ilichukua muda gani. Aliuliza mara moja tu, penye kidato kirefu, shavu lake likiwa kwenye jiwe:

“Ile message ya Kasenga.”

“Shuka, ndugu yangu. Muguu hapa.”

Barabarani akaketi kwenye ukuta mfupi wa mto. Nikampigia Tonton. Nilidhani sasa ataniruhusu. Tonton akasema, “Usiseme kitu, Papa. Mulete kwa Maman Rolande. Nakuya.” Hata pale, kinywa nilifunga. Saa moja na dakika arobaini za treni tulikaa tunatazamana magoti, na glavu za kiwandani bado alikuwa amezivaa.

Maman Rolande anakaa Jette, ghorofa ya pili. Kwenye ngazi tuliona viatu. Florent alisimama akavitazama, jozi moja moja, midomo yake ikisogea. Kabla hajafika mlangoni akina mama walianza kulia ndani. Tonton akamwambia Mungu ametwaa kilicho chake. Maman Rolande akamwambia dada amevuka, jipe nguvu. Florent hakulia. Alinitafuta kwa macho katikati ya watu wote wale, na aliponipata akaangalia pembeni.

Jumapili, 7 Desemba

Sifuri.

Jumanne, 9 Desemba

Masaa mawili. Amekwenda kwenye mtihani. Maman Rolande alimsindikiza mpaka mlangoni. Mimi sikuombwa.

Alhamisi, 11 Desemba

Masaa matatu. Amefaulu.

Tonton Kabamba amenipigia: “Unaona, Papa? Mungu alisaidia. Tungemwambia mwanzo, angeanguka.” Émérance anasema amefaulu kwa sababu alijua, mtu akijua anasimama. Mimi nimepiga hesabu ya kila mmoja na zote zinatoka. Alifanya mtihani siku tatu baada ya kupokea habari, kwa hiyo kumficha kulisaidia nini? Au kulisaidia, kwa sababu zile wiki tatu alisoma akiwa mzima? Sijui. Kila ninapodhani nimeshajua upande wangu, nakumbuka jinsi alivyofurahi kwa ajili ya baba yangu pale juu, na sijui tena.

Jumapili, 14 Desemba

Masaa matatu. Misa ya Mauwa. Ukumbi ulijaa, picha yake iliwekwa mbele, sasa yenye mshumaa. Ana uso wa Florent kabisa. Mwishoni Florent alipita akishika watu mikono. Aliponifikia akasema, “Merci kwa yote,” kama alivyomwambia mzee anayelinda ukumbi, aliyetupatia funguo. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Ijumaa, 19 Desemba

Masaa manne. Ukungu. Saa kumi na mbili na nusu simu haikulia, kama jana.

Jumapili, 21 Desemba

Masaa matano.

Saa tisa alasiri kengele imelia. Ni Florent. Ilikuwa saa yake ya kuongea na Mauwa. Ameingia bila kuvua koti, ametoa kiti mezani, amekiweka katikati ya sebule na kuketi. Simu yake ameiweka juu ya goti, uso chini.

“Poly,” akasema. “Siku ishirini na mbili, vingt-deux, mulinificha. Hiyo nimekusamehe, ao nitakusamehe, sijue bado. Lakini kuna kitu. Tonton alisema Mungu ametwaa. Maman Rolande alisema amevuka. Padri alisema amepumzika. Weye ulisema tushuke. Hakuna muntu aliniambia.”

“Unajua, Florent.”

“Najua. Niambie.”

Nilimwita Émérance kutoka jikoni, kwa sababu mtu haambiwi na mtu mmoja. Akaketi. Nilileta maji, Florent akanywa yote. Nikavuta kiti changu mpaka magoti yetu yakagusana, nikamwambia kwa Kiswahili chetu, polepole:

“Florent. Mauwa, dada yako, alikufa. Ni siku ya Ijumaa, tarehe quatorze mwezi wa kumi na moja, mu hospitali, mangaribi. Tension. Mutoto yake wa mwisho alikuwa naye, alikuwa amemshika mukono. Bamemzika Jumanne. Ile message hakuandika yeye. Uliponionyesha, nilikuwa najua.”

Kichwa akakishusha mpaka kwenye bega langu, akalia. Alilia kwa sauti, kama hakuna majirani, na mimi pia. Émérance aliendelea kusema jina la Mauwa, jina tu, mara nyingi. Baadaye Florent aliuliza dada yake alivalishwa nini, waliimba nini, nani alisema kaburini. Nilichokijua nilimwambia, nisichokijua nilisema sijui. Kisha akafungua simu na tukasikiliza sauti ya mwisho aliyotuma Mauwa, ya tarehe kumi na mbili. Bei ya unga imepanda tena.

Sasa ni saa kumi na mbili jioni. Amelala kwenye kochi letu na koti lake, kofia imefunika macho, viatu viko miguuni. Émérance alitaka kumvua nikamkataza.

Usingizi: yeye, muda wa saa moja na nusu mpaka sasa. Mimi niko hapa, namwangalia.